Nilivyomrudishia mzungu kitanda cha ndoa yangu, Thika miaka ya hamsini

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa, huu unakaribia mwaka wa pili. Nyuzi zenu za ndoa nazisoma zote. Leo nimeona niandike yangu. Ni kweli tupu, kwa sababu niliyemkosea yuko hai na yuko jikoni saa hii, na nikiongeza chumvi atajua.

Mnivumilie mwendo. Shule niliishia darasa la nne, na simu hii naiandikia kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu alinionyesha pa kubonyeza lakini akakataa kuniandikia. Anasema nafikiri sana kati ya neno na neno.

Ni mambo ya mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, mwenye haya kupita kiasi. Nikiulizwa jina mbele ya watu watatu, nilikuwa naangalia vidole vya miguu kwanza kama jina limeandikwa huko.

Kazi yangu ilikuwa msaidizi wa seremala kwa shamba la kahawa la mzungu, katikati ya Thika na Ruiru. Tulikuwa tunatengeneza zile meza ndefu za kuanikia kahawa. Mbao zilikuwa nyingi, zimepangwa nyuma ya kiwanda, na mimi nilikuwa nataka kuoa.

Mmeona inakoelekea.

Msichana aliitwa Wairimu. Baba yake, Mzee Mbuthia, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa mzungu mwingine, upande wa Theta. Alikuwa mzee mkali wa maneno, mpenda pombe ya asali, ile tunaita njohi.

Kabla ya kukubali posa, Mzee Mbuthia alimtuma ndugu wa mke wake, mjomba wa msichana, aje aone mtoto wao atalala wapi. Siku hizo wafanyakazi wengi wa shamba walilala kwa vitanda vya fito, au magunia chini. Huyo mjomba akaingia kwa kanyumba kangu, akakuta kitanda cha mbao zilizopigwa randa, kina kichwa na miguu kama cha daktari.

Akakikalia. Akarukaruka kidogo.

"Hii umetoa wapi, kijana?"

"Nilinunua mbao," nikasema. "Kwa jasho langu."

Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyosema katika posa yote, na yalikuwa uongo. Mbao nilikuwa nimezitoa nyuma ya kiwanda, moja moja, nikizificha ndani ya mzigo wa kuni.

Mjomba akarudi Theta na sifa. "Kijana haongei, lakini ana kitanda." Posa ikakubaliwa. Tukafunga ndoa kanisani, mbuzi wa kimila nao wakaenda inavyotakiwa, na Wairimu akaja kwangu.

Alikipenda hicho kitanda. Alikuwa anakipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Wanawake wa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi walikuwa wakija kukiona, na nilimsikia akiwaambia, "Mume wangu alinunua mbao kwa jasho lake."

Basi tukae hapo kidogo niwaeleze kitu kingine.

Siku hizo Thika kulikuwa na watu waliookoka. Walikuwa wanakutana Makongeni Jumapili mchana, kwa nyumba ya mtu mmoja wa kutoka magharibi mwa Kenya anaitwa Ndugu Wesonga. Alikuwa anafanya kazi kiwanda kimoja cha mjini. Mimi nilikuwa nikienda mjini kununua sabuni, na wimbo wao ukawa unanisimamisha.

Nilikuwa nasimama nje nikijifanya nangoja fundi wa viatu.

Sio wimbo hasa ulionivuta. Ni vile walikuwa wakiongea. Mtu mzima, mwenye tai, anasimama katikati ya watu na kusema, "Ndugu, wiki hii nilimpiga mke wangu kofi, naye amekaa pale, nimemwomba msamaha." Na mke kweli amekaa pale. Na watu hawamcheki. Wanaimba, wanamshika mkono.

Mimi ambaye jina langu lilikuwa linakwama kooni, nilishangaa sana. Nikajiuliza, hawa watu hiyo nguvu ya kufungua mdomo wanaitoa wapi? Nilikuwa nikitembea hadi nyumbani nikijiuliza hilo tu. Jumapili tatu nilisimama nje. Ya nne Ndugu Wesonga akatoka, akaniambia, "Kijana, huyo fundi wa viatu alihama mwezi jana. Ingia."

Nikaingia. Sitaeleza yote, lakini niliokoka, na sijajuta.

Sasa watu hawa walikuwa na desturi moja. Ukiokoka, unarudisha. Ulichoiba unakirejesha kwa mwenyewe, kwa mkono wako, ukisema. Mmoja alirudisha vijiko vya hoteli. Mwingine alirudisha baiskeli, mwenyewe akakataa kuipokea kwa sababu ilikuwa imechakaa.

Jumapili moja Ndugu Wesonga akasoma habari za Zakayo, kwamba akirudisha anarudisha mara nne. Nikaanza kutokwa na jasho. Nilikuwa naona mbao zangu zikipigwa mara nne, nikaona hata nikitoa na mlango hazitatosha.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ni Kariuki. Niliiba mbao za mzungu nikajenga kitanda."

Wakuu, wale watu waliimba. Walinikumbatia. Mimi niliyekuwa naogopa watu watatu nilikumbatiwa na watu thelathini.

Nikarudi nyumbani nikitembea kama sigusi barabara.

Na sikumwambia Wairimu.

Mtaniuliza kwa nini. Yeye hakuwa anakuja Makongeni. Alikuwa amebatizwa, anaenda kanisa la misheni asubuhi, na nilipomwita kwa ushirika wetu alinijibu, "Mimi Mungu ananisikia hata nikinyamaza." Tena alikuwa na mimba ya miezi sita. Nikajiambia nimalize na mzungu kwanza, halafu nitamweleza polepole.

Siku mbili baadaye, Wairimu alipokwenda kuchuma kahawa, nikafungua kitanda. Nilitoa misumari moja moja nikainyoosha, kwa sababu misumari pia ilikuwa ya mzungu. Nikabeba kichwa cha kitanda begani, mchana kweupe, nikapita katikati ya laini ya nyumba. Nikarudi nikabeba miguu. Nikarudi mara mbili nikabeba mbao za kati. Safari nne.

Mara ya kwanza wanawake waliniangalia. Ya pili wakanyamaza. Ya tatu mmoja akaita watoto wake ndani.

Mimi nikadhani wanaheshimu wokovu.

Sikufikiria kabisa kwamba kwetu kitanda cha mume na mke hakitoki nje mchana hivi hivi. Kikitoka, mtu amekufa, au ndoa imekufa. Na kwa kuwa hakuna aliyesikia kilio, walichagua la pili.

Huko kiwandani nilimkuta nyapara Njoroge.

"Hii ni nini?"

"Kitanda cha mzungu."

"Mzungu hana kitanda?"

"Ni mbao zake. Niliziiba. Nimeokoka, nazirudisha."

Njoroge alikaa chini, akashika kichwa. "Kariuki, wewe ni mtu wa kunyamaza miaka mitatu, na siku umefungua mdomo unasema hii? Rudisha hiyo kitu kwako kabla hajatoka nje."

Mzungu akatoka. Nikasema tena, kwa Kiswahili, polepole. Akaniangalia, akaangalia mbao, akamwangalia Njoroge kama anauliza nimekunywa nini. Halafu akasema mbao zimeshakatwa fupi, hazifai meza, zipelekwe kwa kuni za kuchemshia maji ya kuoga. Mimi akanitoa kwa useremala, akanipeleka kwa jembe.

Hivyo kitanda changu kilienda kuchemsha maji ya mzungu. Nilikiona kikiingia jikoni kwake, kile kichwa kilichopigwa randa.

Lakini roho yangu ilikuwa nyepesi, lazima niseme ukweli.

Jioni Wairimu akarudi. Akaingia chumbani, akatoka. Nilikuwa nimekaa kwa kigoda, nimejitayarisha kueleza. Nikasema, "Nimekirudisha. Kilikuwa cha wizi."

Hakuuliza chochote. Akachukua magunia, akayatandika chini pale kitanda kilipokuwa, akapika, akanipa chakula, akalala.

Na mimi, katika ujinga wangu, nikafikiri amekubali. Nikashukuru Mungu kwa kunipa mke mwelewa.

Wale wa Thika na Ruiru mnajua baridi ya Julai. Ukungu hautoki mpaka saa nne. Sakafu ilikuwa ya udongo. Mama mjamzito alikuwa anageuka usiku akishikilia ukuta ili ainuke, na mimi nililala kando yake nikiwa na amani ya wokovu.

Maneno yalifika Theta kabla ya Jumapili. Wachumaji kahawa walikuwa na njia zao za kupeleka habari, hata wakati ule wa Hali ya Hatari, ambapo mtu hakuruhusiwa kutoka Thika kwenda Ruiru bila pasi iliyotiwa sahihi na mwajiri wake. Hata ukitaka kwenda kumzika shangazi, pasi. Basi Mzee Mbuthia alipata pasi, na Jumapili asubuhi nikamwona akija na yule mjomba aliyerukaruka kitandani.

Walikataa kuingia. Wakasimama uani. Hata uji walikataa, na mkwe akikataa uji wako ujue kuna kesi.

"Kariuki," akasema, "nimesikia umetoa kitanda nje. Kama umemchoka mtoto wangu, kuna njia ya kumrudisha. Huwa hatuanzi na kitanda."

Mbele ya baba mkwe, kwa desturi zetu, kijana haongei ovyo. Na mimi nilikuwa wa haya hata bila desturi. Nikaangalia vidole vya miguu.

"Ananyamaza," mjomba akasema. "Basi ni kweli."

"Wairimu, fungasha."

Hapo mdomo ukafunguka. "Baba, sijamfukuza. Mbao zilikuwa za wizi. Nilimwibia mzungu. Nimeokoka, nikarudisha."

Mzee Mbuthia akacheka, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Ulimwibia mzungu? Hiyo ndiyo sababu mtoto wangu analala chini na tumbo? Kijana, hapa uliposimama palikuwa pa nani? Huko ninakokamua ng'ombe palikuwa pa babu yangu. Mzungu alichukua mashamba yote mpaka mto, na sijamwona akija kwangu na hata mkebe mmoja kusema ameokoka."

Wakuu, swali hilo alinitupia uani kwangu zaidi ya miaka sitini iliyopita na mpaka leo naligeuza. Nililipeleka kwa Ndugu Wesonga, akasema kila mtu atoe kwanza boriti iliyo katika jicho lake. Nikaona ni jibu, lakini sikuona limemaliza swali.

Siku hiyo aliyesema ni Wairimu. Alikuwa mlangoni na kifurushi.

"Baba, shida yangu sio mzungu. Na sio mbao."

"Ni nini basi?"

"Huyu alimwomba Mungu msamaha. Akawaomba watu wa Makongeni, akamwomba mzungu. Hata Njoroge nyapara aliambiwa." Akanigeukia. "Mimi nimekuwa nikiwaambia wanawake wote wa hapa kwamba ulinunua kwa jasho. Nimekuwa mwongo kwa mdomo wako. Nani ameniomba msamaha mimi?"

Nikafungua mdomo nimwombe.

"Usiniombe sasa," akasema. "Sasa unaogopa baba."

Akafuata baba yake. Alikuwa anatembea akishika kiuno, mjomba amembebea kifurushi. Nikasimama pale uani mpaka wakapotea kwa mikahawa.

Mchana nikaenda Makongeni. Nilitaka kufarijiwa. Na kabla sijasema kitu, Ndugu Wesonga akaniambia kuna wageni, nisimame nitoe ule ushuhuda wa kitanda, maana umewajenga wengi.

Nikasimama. Nikasema nilivyorudisha mbao. Wakaanza kuimba, na katikati ya wimbo nikaona siwezi kuendelea. Nikakaa chini.

Mke wa Ndugu Wesonga, Mama Rispa, alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye macho yanayoona mbali. Akaja akakaa kando yangu.

"Mke wako hajambo?"

"Ameenda kwao."

"Kwa sababu ya kitanda?"

"Kwa sababu sikumwambia."

Akanitazama. "Ushuhuda wako unatupendeza sana sisi hapa, ndugu yangu. Tunalala kwa vitanda. Kwako unampendeza nani?"

Nilitoka nje, na nilipokuwa natembea nikaelewa kitu ambacho kilinitisha. Kusema mbele ya watu thelathini kulikuwa kumekuwa rahisi kuliko kusema mbele ya mtu mmoja. Wale thelathini wangenikumbatia, nilijua. Yule mmoja angeweza kuniambia hapana.

Nilihitaji pasi kwenda Theta. Mzungu alikuwa bado ananiona mwendawazimu, lakini alitia sahihi. Njoroge ndiye alinipeleka ofisini. Njiani akasema, "Huko usimpelekee mbao."

Jumamosi nikaenda kwa miguu. Pale mnapaita Kimbo siku hizi, penye maduka na stendi, palikuwa shamba tupu, unatembea unasikia viatu vyako. Nilikuwa nimebeba mkebe wa asali niliyopewa na rafiki, kwa sababu mtu haendi kufuata mke mikono mitupu.

Mzee Mbuthia alikuwa zizini.

"Njohi iko wapi?" akauliza kabla ya salamu.

"Baba, mimi sinywi siku hizi."

"Sikuuliza kama unakunywa."

Nikampa mkebe. Akafunua, akanusa, akanitazama upande. "Hii ni asali tu."

"Ndiyo, baba."

"Basi iache hapa. Hii inajua njia yake yenyewe." Akaingia nayo ndani, na nikaona mabega yake yakicheka. "Wairimu yuko nyuma ya nyumba. Mimi sijakusamehe, nimepokea asali tu."

Wairimu alikuwa anachambua maharagwe na mama yake. Mama mkwe aliponiona akajifunika shuka kichwani, akapitia upande mwingine, kama ilivyo heshima yetu. Tukabaki wawili.

Hapakuwa na wimbo. Hapakuwa na mtu wa kunishika mkono. Kuku tu.

Nikasema, "Wairimu, nilikudanganya. Mbao sikununua. Nilikuacha uwaambie watu uongo wangu mwaka mzima, na nikikusikia nilikuwa nafurahi. Halafu nikatoa kitanda bila kukuuliza, nikakulaza chini na mtoto. Nimekuja kukuomba msamaha, na hata ukikataa nimekuja."

Aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekutukana," akasema. "Siku mbili hivi. Ningekuita majina ambayo hujawahi kusikia."

"Ndiyo."

"Halafu siku ya tatu ningeshika upande ule mwingine, tukibebe." Akatupa haragwe bovu kwa kuku. "Ulienda mara nne peke yako, Kariuki, watu wote wakiona. Wawili tungeenda mara mbili, na hakuna mtu angesema ndoa imekufa. Wangesema hawa wawili ni wazimu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Lakini alisogeza ungo katikati yetu, na nikaanza kuchambua.

Hakurudi siku hiyo. Alirudi baada ya wiki mbili, kwa miguu yake. Tulilala chini mpaka mtoto akazaliwa, na sijawahi kumsikia akilalamika juu ya hiyo sakafu tena. Alilalamika juu ya mambo mengine mengi, na mengi alikuwa na haki.

Makongeni niliendelea kwenda. Yeye alikuja mara moja, akakaa nyuma, akasema wanaimba vizuri lakini wanachelewesha watu kupika.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Kuungama mbele ya umati kuna utamu wake, na utamu huo unaweza kukufanya ufikiri umemaliza. Anza na yule anayelala kando yako, kwa sababu yeye ndiye atalala mahali toba yako itamlaza. Na uamuzi wa imani ukigusa nyumba, ni mzigo wa wawili. Ukiubeba peke yako, hata ukiwa wa haki, majirani wataona maiti.

Sasa nawauliza ninyi mlio kwa ndoa, hasa mlio na imani. Umewahi kutengeneza mambo na Mungu, na kanisa, na mpaka bosi wako, kumbe aliye nyumbani ndiye wa mwisho kusikia? Ulimwambiaje?

Na wake zenu pia waandike. Nitasoma yote. Kujibu nitajibu, lakini mnipe muda, kidole ni kimoja.

Mungu awabariki.